Neno la Kibete

Tangu muhula uliopita watu wengi wameniuliza ni kitu gani tunachofanya sisi vijana watano kila Jumamosi, baada ya kufua nguo, tukijifungia katika chumba cha jiografia na kurusha dadu juu ya meza. Wako waliosema kwamba tunacheza kamari. Mpishi mmoja, Mungu ambariki, alimwambia mlinzi kuwa amesikia kwa masikio yake tukiapa kwa majina ya majini. Si kamari, wala si uchawi. Ni mchezo, nami nimeombwa na Bwana Mhariri niueleze. Lakini kuueleza mchezo wote kungelijaza gazeti hili toka jalada mpaka jalada, na kanuni zake zingewachosha. Kwa hiyo nitachukua jambo moja tu lililomo ndani yake, ambalo limenisumbua mimi mwenyewe kuliko mengine yote: namna taifa moja la kubuniwa, taifa la Vibete, linavyoshika neno lake.

Kwanza yafaa mjue mchezo ulivyo. Wachezaji hukaa kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, na wengine kila mmoja hujitwalia nafsi ya mtu wa kubuni, mwenye jina lake, kazi yake, nguvu zake na udhaifu wake, yote yakiwa yameandikwa katika karatasi. Msimulizi husema, “Mmefika darajani, na ng'ambo ya pili limesimama zimwi.” Ndipo kila mmoja hueleza mtu wake atafanya nini. Likiwa jambo ni jepesi, hufanyika. Likiwa gumu, hutupwa dadu. Hakuna mshindi, wala hakuna fedha mezani. Mchezo wa kwanza wa namna hii uliochapishwa na kuuzwa ulitoka Marekani mwaka 1974. Jina lake ni Dungeons & Dragons, nao waliutunga Gary Gygax na Dave Arneson; nakala za chapa ya kwanza zilikuwa 1,000 tu. Huu wetu ni wa Uingereza, waitwa Warhammer Fantasy Roleplay, na ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1986 na kampuni ya Games Workshop. Tangu hapo umeandikwa upya mara kadhaa. Sisi tunatumia toleo la nne, la mwaka 2018, ambalo mjomba wa mmoja wetu alilileta katika mzigo wake pamoja na viatu.

Dadu zake zina pande kumi. Hutupwa mbili pamoja, moja ikihesabu makumi na nyingine mamoja, ukapata namba kutoka 1 mpaka 100. Sisi tulikuwa na jozi moja, na dadu moja ilipoingia chini ya kabati la ramani isionekane tena, tulikata vipande kumi vya karatasi, tukaviandika namba na kuvitia katika kopo la majani ya chai. Kopo linafanya kazi vizuri kabisa.

Sasa angalieni jambo hili. Dadu huamua kama shoka limepata au limekosa. Huamua kama umevuka mto, kama mlinzi amekuona, kama kidonda kitapona au kitaoza. Lakini hakuna dadu inayotupwa ili kuamua kama utatimiza ahadi uliyotoa. Ukiwa umemwahidi mtu kwamba utarudi, hakuna namba ya kukurudisha wala ya kukuzuia. Wenzako wanakutazama, nawe wasema “narudi” au “sirudi”. Katika mchezo ambao karibu kila kitu kimeachiwa bahati, hilo moja limeachwa mkononi mwako. Mimi nilicheza miezi miwili kabla sijaliona.

Niwaeleze basi juu ya Vibete wenyewe. Nimelitumia jina hili kwa kukosa lililo bora, wala sina nia ya kumdhihaki mtu ye yote aliyezaliwa mfupi. Katika hadithi hizi Vibete ni taifa zima, lenye wafalme wake, lugha yake na mahesabu yake. Ni wafupi, wanene wa kifua, wenye ndevu ndefu, na kazi zao ni kuchimba, kufua chuma na kuchonga mawe. Asili yao ni hadithi za kale za watu wa Ulaya ya kaskazini, na aliyewapa sura tunayoijua leo ni mwalimu mmoja wa Oxford, J. R. R. Tolkien, katika kitabu chake The Hobbit cha mwaka 1937. Humo Vibete 13 wanataka kumwajiri mtu mdogo mpenda nyumba, jina lake Bilbo, awasaidie kulirudishia taifa lao hazina iliyotekwa na joka. Usiku wanakula kila kitu kilichomo stoo yake. Asubuhi Bilbo akiamka anakuta wamemwachia barua ya mapatano. Ujira wake utakuwa sehemu moja ya kumi na nne ya faida, ikiwa faida itapatikana. Gharama za safari ni juu yao. Na gharama za maziko pia ni juu yao au juu ya wawakilishi wao, ikiwa italazimu. Niliposoma hapo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Ni nani miongoni mwetu, anapomwahidi mwenzake jambo, ambaye hutaja na sanda?

Vibete wa mchezo wetu ni wajukuu wa hao wa Tolkien, lakini ni wakali zaidi. Wanaishi ndani ya Milima ya Ukingo wa Dunia, katika miji iliyochimbwa mwambani, na mji mkuu wao ni Karaz-a-Karak. Wengi wao huishi zaidi ya miaka 200. Katika lugha yao kuna tusi moja lililo baya kuliko yote, nalo ni unbaraki, yaani mvunja kiapo. Neno hilo halina udugu wo wote na baraka yetu, lakini sikio la Mswahili haliwezi kuacha kushtuka.

Kwa nini neno liwe zito hivyo kwao? Vitabu vya mchezo husema tu kwamba ndivyo walivyo. Mimi naona sababu ipo katika namna wanavyoishi. Mtu akaaye chini ya mlima hutegemea nguzo aliyoisimamisha mwenzake. Fundi akisema nguzo hii itabeba, nayo isibebe, hakuna mahali pa kukimbilia. Kwa watu wa namna hiyo kusema kweli na kufanya kazi njema ni jambo moja, si mawili. Tena, mtu aishiye miaka 200 atakutana na aliyemdanganya mara nyingi sana kabla ya kufa. Sisi binadamu tumezoea kutumaini kwamba mambo yatasahauliwa. Kibete hana tumaini hilo.

Na ili yasisahauliwe, huandika. Hapa ndipo palipo na desturi yao iliyo mashuhuri kuliko zote. Mfalme Mkuu wa Vibete ana kitabu kikubwa kiitwacho Dammaz Kron, maana yake Kitabu Kikuu cha Vinyongo. Kila baya walilotendewa taifa, kila ahadi iliyovunjwa na mgeni, kila deni lisilolipwa, huandikwa humo, na wino wake ni damu ya mfalme mwenyewe. Tendo likilipwa au kulipiziwa kisasi, mstari hukatwa. Lisipolipwa, mstari hubaki, hata kama aliyekosa na aliyekosewa wamekwisha kuoza. Mfalme Thorgrim, ambaye lakabu yake ni Mbeba Vinyongo, huenda vitani amekaa juu ya kiti cha enzi kilichobebwa mabegani, na kitabu kiko mbele yake. Si mfalme peke yake: kila mji una kitabu chake, na koo nazo zina vyao.

Sisi twasema ahadi ni deni. Methali hii tumeisikia tangu utotoni mpaka imekuwa kama salamu, husemwa na huyohuyo asiyekusudia kulipa. Vibete wameichukua kwa maana yake halisi. Deni huwa na tarehe, huwa na kiasi, huwa na mwenyewe. Deni hurithiwa. Na deni halipungui kwa sababu mdaiwa alikuwa na udhuru.

Uzuri wa jambo hili waonekana katika habari ya panga kumi na mbili. Hadithi yasema kwamba mfalme wa Vibete, Kurgan, alitekwa na Waorki, taifa katili la dunia hiyo, na akaokolewa na kijana wa kibinadamu aitwaye Sigmar. Kurgan alimpa nyundo ya vita iliyokuwa urithi wa ukoo wake, na mataifa hayo mawili yakapigana bega kwa bega katika vita vikubwa vya Njia ya Moto Mweusi. Baada ya ushindi Kurgan aliamuru fundi Alaric afue panga kumi na mbili kwa ajili ya wakuu kumi na wawili wa makabila ya watu. Alaric hakuharakisha, maana Kibete hatoi kazi mbovu. Alifua kwa muda wa kiasi cha miaka 100! Panga zilipokwisha, Sigmar mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka zamani. Lakini zilipelekwa, na waliozipokea ni warithi. Mwenzetu mmoja alisema kuwa zawadi ya namna hiyo ni dhihaka, kwani aliyeahidiwa hakuiona. Mimi nilimjibu kwamba fundi yule angeweza kufua panga mbovu kwa mwaka mmoja, au kusema mwenye deni amekufa na kulala. Tulibishana mpaka kengele ya chakula ikalia, na mpaka leo hatujapatana.

Ubaya wake nao ni mkubwa, na sitauficha. Zamani sana, Vibete walikuwa marafiki wa Waelfi, taifa refu, zuri, lenye maarifa mengi na kiburi kingi zaidi. Walifanya biashara pamoja kwa miaka mingi. Kisha misafara ya Vibete ikaanza kushambuliwa njiani na watu wenye sura na mavazi ya Kielfi. Kwa kweli walikuwa Waelfi wengine, maadui wa hao wa kwanza, waliojigeuza makusudi ili kuwagombanisha marafiki wawili. Vibete hawakujua. Mfalme wao, Gotrek Mvunja Nyota, alituma mjumbe kudai fidia. Mfalme wa Waelfi, Caledor wa Pili, badala ya kujibu, aliamuru mjumbe anyolewe ndevu na kurudishwa kwao. Kwa Kibete ndevu ndiyo umri wake, heshima yake na uso wake; afadhali angelimkata mkono. Vita vilivyofuata vilidumu mamia ya miaka. Waelfi huviita Vita vya Ndevu, kana kwamba ni mzaha. Vibete huviita Vita vya Kisasi. Mwisho Gotrek alimwua Caledor kwa mkono wake, akachukua taji lake, na taji hilo likawekwa Karaz-a-Karak kuwa malipo. Waelfi wakaondoka nchi ile. Mstari ukakatwa kitabuni. Lakini mataifa yote mawili yalikuwa yamekwisha nguvu, na Waorki walipotokea baadaye, Vibete walipoteza mji baada ya mji.

Fikirini habari hiyo polepole. Hakuna Kibete hata mmoja aliyesema uongo tangu mwanzo mpaka mwisho. Waliapa kulipiza, wakalipiza. Walisema kweli yote waliyoijua. Ila hawakuuliza swali moja la pili: ni nani hasa aliyetushambulia? Kitabu kina mahali pa kuandika deni na mahali pa kulikata, lakini hakina ukurasa wa kuandika “huenda tumekosea”.

Tena msidhani kwamba kusema kweli kwao ni kusema kila kitu. Mafundi wao wa juu, wale wachongao herufi zenye nguvu katika silaha, ni wasiri kupita kiasi. Fundi huchukua mwanafunzi mmoja au wachache, humtesa kwa miaka mingi, na wengine wamekufa na siri zao bila kumwachia mtu. Ukimwuliza fundi kama huyo namna alivyofanya, hatakudanganya. Atakaa kimya, nawe utaondoka. Naipenda tofauti hiyo. Sisi shuleni mtu akiulizwa asilotaka kulijibu, mara hubuni uongo, kana kwamba kunyamaza ni kosa kubwa zaidi.

Na Kibete akivunja kiapo chake mwenyewe, je? Kitabu cha Vinyongo ni cha makosa ya wengine. Kwa kosa lake mwenyewe kuna njia nyingine. Hunyoa nywele za kichwa akaacha shungi moja katikati, hulipaka rangi ya machungwa na kulisimamisha kwa mafuta ya mnyama, hujichanja alama mwilini, huvua silaha zote za kujikinga, na kuacha jamaa zake. Tangu siku hiyo yeye ni Mwua-Zimwi. Huzunguka dunia akitafuta zimwi, au jitu, au joka, lenye nguvu za kumwua. Haruhusiwi kujiua wala kushindwa kwa makusudi. Lazima apigane kwa uwezo wake wote. Kwa hiyo aliye hodari hutangatanga miaka mingi, kwa sababu kila adui anayemtumaini humshinda. Halazimiki kumwambia mtu kosa lake ni lipi, na kuuliza ni utovu wa adabu.

Katika mji wa Karak Kadrin kuna jambo la ajabu zaidi. Zamani mfalme mmoja wa mji huo alikula kiapo hicho cha Waua-Zimwi. Lakini alikuwa pia amekula kiapo cha ufalme, cha kuwalinda watu wake. Kiapo cha kwanza chamwambia, nenda ukafe. Cha pili chamwambia, kaa uwalinde. Hakuweza kuvunja hiki wala kile. Akabaki mfalme mwenye shungi la rangi ya machungwa, akajenga mahali patakatifu kwa ajili ya Waua-Zimwi wote, na wanawe wakarithi viapo vyote viwili. Mfalme Ungrim, mzao wake, angali amefungwa na maneno ambayo hakuyatamka yeye. Msimulizi wetu hupenda sana habari hii. Mimi hunihuzunisha. Kuahidi kwa niaba ya mtoto ambaye hajazaliwa ni kumkopea fedha asizoziona.

Kama mwataka kusoma hadithi iliyo rahisi kuingia, tafuteni kitabu cha William King kiitwacho Trollslayer, cha mwaka 1999. Humo yumo Gotrek mwingine, Gotrek Gurnisson, ambaye ni Mwua-Zimwi, na rafiki yake Felix Jaeger, kijana wa kibinadamu aliyefukuzwa chuo kikuu kwa sababu ya kumwua mwenzake katika pambano. Gotrek alimwokoa Felix katika ghasia za watu waliopinga kodi ya madirisha. Usiku ule wakanywa pamoja, na Felix, akiwa amelewa, akaapa kwamba atamfuata Gotrek popote, aone kifo chake, na kukitungia utenzi. Kulipopambazuka kichwa kilimwuma, lakini kiapo kilikuwa pale pale. Felix anateta, anaogopa, anatamani kuondoka. Lakini anafuata. Na tazameni kiapo chenyewe kilivyo kigumu: ili akitimize, yampasa asimame karibu na jambo litakalomwua shujaa wa Vibete, na yeye aokoke ili aandike!

Ahadi ya mlevi hufunga? Hilo ndilo swali lililotugombanisha kuliko yote. Msichana wa kundi letu, ambaye babu yake alikuwa mwamuzi katika baraza la kijiji, alisema haifungi, kwa kuwa mlevi hana akili ya kuahidi. Mwingine akamkumbusha omukago, desturi ya wazee wetu hapa Uganda, ambapo watu wawili walijichanja, wakapaka damu yao katika punje mbili za buni moja, na kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu hapo walikuwa ndugu, na watoto wao ndugu. Akasema, kama omukago ulifanyika kwenye pombe, nani angethubutu kuitapika ile buni kesho yake? Mimi naona Felix hakufungwa na maneno ya usiku. Alifungwa asubuhi, alipokuwa na akili zake timamu, akaona kwamba Gotrek amemwamini.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nisingependa kuiandika, lakini haifai mtu aeleze ukweli wa Vibete huku akificha wake.

Mtu wangu katika mchezo ni Kibete. Nimempa jina la Durgan, mchonga mawe. Mwezi wa pili wa muhula, Durgan alifikia katika nyumba ya mjane mmoja, naye akamwahidi kwamba atamletea shoka la marehemu mumewe lililopotea katika mgodi. Lilikuwa jambo dogo. Msimulizi alilitaja kupitisha wakati tu. Wenzangu walitaka twende mjini, ambako tulikuwa na malipo yakitungoja. Nilikataa. Nilisema Durgan ametoa neno. Walikasirika, wakanisihi, wakaniita kichwa mawe, lakini nikashikilia, na kwa Jumamosi tatu mfululizo tulitambaa katika mgodi ule wenye giza kwa ajili ya shoka la mjane. Mara mbili tulikaribia kufa. Nilipomkabidhi shoka, msimulizi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mjane analia. Nami nilitoka chumbani siku ile nikijiona mtu mwenye heshima kubwa.

Nje, kwenye benchi lililo karibu na chumba cha chakula, alikuwa amekaa kijana mmoja wa Senior One na daftari lake la hesabu mapajani. Nilikuwa nimemwahidi, mwanzoni mwa muhula, kwamba kila Jumamosi saa kumi nitamfundisha hesabu za sehemu, ambazo zilikuwa zikimshinda. Jumamosi ya kwanza nilikwenda. Zilizofuata, mchezo ulizidi wakati wake, nami nikasema moyoni kuwa nitakwenda kesho. Siku ile ilikuwa ya tano. Mtihani ulikuwa umekwisha kufanyika Alhamisi, na alikuwa ameanguka. Hata hivyo alikuja kukaa pale, kwa mazoea, au kwa sababu nilimwambia Jumamosi saa kumi, na ilikuwa Jumamosi.

Msichana wa kundi letu alikuwa nyuma yangu, akaona yote. Alinong'ona, “Mjane yule hayupo duniani. Huyu yupo.” Hakuongeza neno.

Nilimwendea kijana nikaanza kumweleza. Akasimama kwa adabu, akasema, “Si kitu, ssebo. Najua ulikuwa na kazi.” Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipokielewa Kitabu cha Vinyongo kwa mara ya kwanza. Kama angekasirika, kama angeniita unbaraki mbele ya watu, ningejua pa kuanzia. Lakini alikuwa amenisamehe kabla sijaomba, si kwa ukarimu bali kwa sababu hakutazamia zaidi kutoka kwa mkubwa. Maneno yale “si kitu” tunayasema na kuambiwa kila siku, na mimi nimeponea katika hayo mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Vibete hawana neno la namna hiyo. Ukorofi wao wote, vita vyao vya miaka mamia, ugumu wao wa shingo, vimetoka hapo. Lakini na panga za Alaric zimetoka hapo hapo.

Sikunyoa kichwa. Kwanza kanuni za shule zingenitia mashakani kwa ajili ya lile shungi. Pili, sioni kijana yule angepata faida gani nikienda kufa mbele ya zimwi. Nimekwisha sema ninavyoiona desturi ile: hulipa heshima ya mkosaji, wala haimlipi aliyekosewa hata senti moja. Badala yake nilichukua karatasi, nikaandika jina langu, tarehe, na deni: masomo manne niliyomnyima, nikayafanya kumi na mawili, maana mtihani umekwisha mpita na ana mengi ya kurudia. Nikachora mistari kumi na miwili. Wino ulikuwa wa kalamu ya kawaida. Nilimpa karatasi aiweke yeye, wala si mimi, nikamwambia akate mstari mmoja kila somo linapokwisha, na siku nisipokuja aandike chini yake jambo lo lote apendalo. Aliitazama kwa muda, akauliza kama ni mchezo. Nikamwambia imetoka katika mchezo.

Mpaka ninapoandika haya amekata mistari minane. Chini kabisa ameandika jambo moja, kwa herufi ndogo, kwa sababu wiki ya tatu nilichelewa dakika ishirini. Nilimwomba alifute, akakataa. Alisema haijalipwa bado. Jumamosi hii tutaanza mchezo saa kumi na moja na nusu badala ya saa nane, na msimulizi amekwisha arifiwa.